Ukipewa nafasi ya kurudi katika mji mmoja tu wa ugenini, ungerudi wapi?

Mwalimu wa Chumbageni (Tanga)

Assalaam aleikum na habari za leo, ndugu zangu. Nimefundisha jiografia kwa miaka thelathini na moja katika shule za sekondari za mkoa huu, na kwa muda wote huo nimechora ubaoni kwa chaki mlangobahari wa Bosphorus, milima ya Alps na delta ya mto Ganges, ilhali mpaka pekee niliowahi kuuvuka kwa miguu yangu ni ule wa Horohoro, nilipokwenda Mombasa kwenye arusi ya mpwa wangu. Mwaka jana nilistaafu. Mimi na mama watoto tumeweka akiba ya safari moja ya nje ya nchi. Nasema moja kwa sababu ya pili itategemea michungwa yetu ya Muheza itakavyozaa na bei watakayotupangia madalali.

Kinachonitia wasiwasi ni yaliyompata mdogo wangu. Alilipia safari ya siku tano kupitia kwa wakala mmoja ambaye sina haja ya kumtaja, akapelekwa katika mji mkubwa wenye maghorofa marefu, na siku tatu kati ya hizo tano akazimaliza katika maduka ambayo, kama tulivyokuja kugundua baadaye, wakala alikuwa akipewa chake kwa kila mteja aliyemwingiza. Alirudi na picha nyingi za ngazi za umeme. Nilipomuuliza watu wa mji ule wakiamka hula nini, hakuwa na jibu, kwa kuwa kila asubuhi alikunywa chai hotelini.

Basi ninawaomba mliobahatika kusafiri mnisaidie. Kila mmoja ataje mji mmoja wa ugenini ambao angerudi hata kesho, na anieleze sababu kwa kitu alichokiona kwa macho yake mwenyewe. Orodha za miji mizuri kumi ya dunia nimezisoma za kutosha, na zote zimeanza na Paris. Magoti ya mama watoto hayapatani na ngazi, nami sipatani na baridi, lakini msinifiche mji mzuri kwa ajili ya hayo.

Fundi wa Kaole (Bagamoyo)

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwashi, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa ni kutengeneza nyumba za kale za hapa Bagamoyo, zile za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti, kwa hiyo unisamehe iwapo jibu langu litanukia chokaa. Mji ambao ningerudi hata kesho ni Kisiwa cha Msumbiji, kilichoko pwani ya mkoa wa Nampula. Wengi hawajui kwamba nchi nzima ya Msumbiji imechukua jina la kisiwa hiki kidogo, na kisiwa chenyewe husemekana kimepewa jina la Musa bin Mbiki, aliyekuwa mtawala wake Wareno walipofika. Hapo ndipo palipokuwa makao makuu ya Wareno mpaka mwaka 1898, na tangu mwaka 1991 kisiwa kimo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Urefu wake ni kilomita tatu hivi na upana haufiki nusu kilomita mahali pengi, kwa hiyo unaweza kukizunguka kwa miguu kabla jua halijawa kali, na magoti ya mama hayatalalamika kwa sababu ardhi ni tambarare. Unaingia kwa daraja la zaidi ya kilomita tatu ambalo upana wake unatosha gari moja tu. Kila baada ya mwendo kidogo wamepanua ukingo ili gari moja lijibanze na kulipisha jingine, na madereva wanapishana pale kwa adabu ambayo sijaiona katika barabara ya kwetu ya kwenda Dar es Salaam.

Sasa nieleze kilichonishika. Kisiwa kina miji miwili ndani yake. Upande wa kaskazini ni mji wa mawe, wenye nyumba za Wareno na wafanyabiashara wa Kihindi, na upande wa kusini ni mji wa makuti, nao wanauita hivyohivyo, ila wao huandika Macuti. Nilipotoka mji wa mawe na kuingia ule wa makuti nilidhani macho yananidanganya, kwa sababu nilikuwa nimesimama barabarani na mapaa ya nyumba yalikuwa chini, usawa wa kifua changu, huku watoto wakicheza katika vichochoro ambavyo ilinibidi kuteremka ili nivifikie. Mwenyeji wangu alinieleza kwamba mawe yaliyojengea majumba ya kaskazini yalichimbwa hapo, wakachimba na kuchimba, na watu wa kawaida wakaja kujenga vibanda vyao ndani ya shimo lililobaki. Mvua ikinyesha sana, maji yote ya jirani huteremkia kwao. Mimi ni mtu wa mawe, nimeyakata na kuyapanga maisha yangu yote, wala sijawahi hata siku moja kujiuliza jiwe linapotoka linaacha nini nyuma yake. Niliporudi Bagamoyo niliwauliza wazee wa Dunda mawe ya Caravan Serai na ya nyumba nyingine za kale yalichimbwa wapi. Kila mmoja alininyoshea kidole upande wake, na mabishano hayo hayajaisha mpaka leo.

Ncha ya kaskazini kuna ngome ya São Sebastião, iliyoanza kujengwa mwaka 1558. Watu huenda kutazama mizinga, lakini mimi ningekushauri utazame sakafu ya juu. Kisiwa hakina chemchemi, kwa hiyo mapaa ya ngome yamejengwa kwa mwinamo wa kukinga mvua na kuyateremsha maji katika birika lililo chini, na plasta yake imefanywa kwa ustadi ambao mafundi wengi wa leo, nikiwemo mimi, tungeshindana nao kwa shida. Nyuma ya ngome, pale kisiwa kinapoishia, kuna kanisa dogo la mwaka 1522, ambalo husemwa kuwa ndilo jengo la Kizungu kongwe kuliko yote yaliyosalia kusini mwa ikweta. Ni dogo kweli. Ukipita haraka utalidhania ghala.

Kuhusu wenyeji, wanazungumza Kimakua na Kireno, na Kiswahili utakisikia kwa wachache tu, lakini salamu yao ni "salama", na ukiijibu vizuri umeshakaribishwa. Asubuhi utawaona wanawake wamejipaka usoni dawa nyeupe wanayoiita mussiro. Nilikaa nikamtazama bibi mmoja akisugua kijiti juu ya jiwe lililoloweshwa maji, kwa mkono uleule ambao marehemu bibi yangu alikuwa akisagia liwa kwenye jiwe la msio. Mti ni mwingine, jiwe ni lilelile. Chakula usikikose ni matapa, ambayo kwa kawaida ni kisamvu chetu, ila pale kisiwani huipika pia kwa mmea unaoota ufukweni uitwao siri-siri, ukaungwa kwa tui na korosho.

Jambo moja la tahadhari, Mwalimu: msijaribu kwenda kwa barabara kwa kuvuka mto Ruvuma, hata kama ramani inakuvutia, kwa sababu ya machafuko yaliyoanza katika mkoa wa Cabo Delgado mwaka 2017. Nendeni kwa ndege mpaka Nampula, kisha kutoka hapo ni mwendo wa kilomita kama mia moja na themanini kwa basi dogo wanaloliita chapa. Watanzania kwa matembezi mafupi hatudaiwi viza. Epukeni miezi ya Desemba mpaka Machi, maana ndiyo ya mvua na vimbunga.

Binti wa Makorora (Tanga)

Shikamoo Mwalimu. Kama wewe ndiye Mwalimu ninayemdhania, uliwahi kunirushia kipande cha chaki nilipoiweka Ujerumani kusini mwa Italia. Basi nimekaa huko Ujerumani miaka miwili ya masomo, na sasa najua ilipo.

Najua hupatani na baridi, na sitakudanganya: mwezi Novemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na mtu wa Tanga huanza kuwaza mambo mabaya. Katika mojawapo ya jioni hizo, mjini Hannover, niliingia katika duka la maua karibu na kituo cha tramu, si kwa kununua bali kwa kutafuta joto. Mezani kulikuwa na vyungu vidogo vya plastiki vyenye ua la zambarau, majani yake ya mviringo yamejaa vinyweleo kama sikio la paka, na kwenye kila chungu kibandiko kilichoandikwa "Usambaraveilchen". Nilisoma mara ya kwanza harakaharaka, kisha nikairudia silabi kwa silabi: U-sa-mba-ra. Yule mama muuzaji aliniuliza kama nataka kusaidiwa, nami nikamwambia kwa Kijerumani changu cha kuchechemea kwamba hilo ni jina la milima ya kwetu. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba Father Christmas ni jirani yake. Ameuza ua hilo miaka yote bila kujua kwamba Usambara ni mahali.

Habari yake ni hii. Mkuu wa wilaya wa Kijerumani hapa Tanga, aliyeitwa Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona ua hilo likiota kwenye nyufa za miamba yenye kivuli, akazipeleka mbegu kwao, na zikafika katika bustani za Herrenhausen, hapohapo Hannover. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliandika rasmi kwa jina la Saintpaulia, yaani likapewa jina la yule mkuu wa wilaya, na tangu hapo limeenea madirishani mwa watu dunia nzima. Bustani za Herrenhausen zingalipo, nami nilikwenda huko mara tatu. Niliporudi nyumbani, safari yangu ya kwanza haikuwa ya kwenda ufukweni bali ya kupanda Amani, katika milima yenyewe ya Usambara, kulitafuta likiota lenyewe, na nikalikuta kwenye mwamba uliolowa, dogo zaidi kuliko lile la dukani, halina kibandiko.

Ukifika Berlin, kuna mjusi wetu. Katika makumbusho yao ya elimu ya viumbe amesimamishwa dinosaria mwenye kimo cha mita 13.27, ambaye ndiye mrefu kuliko mifupa yote ya dinosaria iliyosimamishwa duniani, naye alichimbuliwa Tendaguru, Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913. Wapagazi waliibeba mifupa ile kwa siku kadhaa kwa miguu mpaka bandarini Lindi. Suala la kurudishwa kwake limezungumzwa hata bungeni kwetu, na kila mtu ana maoni yake. Mimi nilipokuwa nimesimama chini ya shingo yake nilijikuta nikiwaza wale wapagazi kuliko mnyama mwenyewe.

Kwa vile wewe ni mtu wa Tanga, ongeza pia Eckernförde, mji rafiki wa mji wetu, ulio kaskazini kwenye bahari ya Baltiki. Nilikwenda kwa udadisi tu wa jina. Nilikuta bandari ndogo iliyotulia na samaki wadogo, wakubwa kidogo kuliko dagaa wetu, wamekaushwa kwa moshi mpaka wakawa na rangi ya dhahabu, wamepangwa katika kisanduku cha mbao. Wenyeji huwala wazima, kichwa na mkia. Huuzwa kwa jina la Kiel, mji mkubwa ulio jirani, na watu wa Eckernförde wana kinyongo juu ya hilo kwa sababu wanadai samaki ni wao. Nilicheka, maana ni malalamiko ambayo ungeyasikia pale soko la samaki la Deep Sea bila kubadili neno.

Viza ya Schengen, lakini, iombeni mapema. Watataka taarifa za benki, barua za mwaliko au hoteli, na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000.

Mlingotini Halisi (Bagamoyo)

Samahani kwa kuingilia, lakini nina swali. Je, katika ninyi nyote ni wangapi mmeshafika magofu ya Kaole, au Tongoni kwa ninyi wa Tanga, au hata mapango ya Amboni? Watu wanatoka Ulaya kuja kuyaona, na sisi tunakusanya akiba ya miaka ili tukatazame makaburi ya watu wengine. Sipingi safari, ila naona tunaanza kuhesabu na mbili.

Injinia wa Meli, Raskazone (Tanga)

Ndugu wa Mlingotini, nimefika kote ulikotaja, Tongoni nimekwenda na wajukuu, kwa hiyo naomba ruhusa ya kuendelea kuhesabu.

Mwalimu, umeutaja mlangobahari wa Bosphorus, nami nimeupita kazini mara nyingi nisizoweza kuzihesabu, nikiwa chini kwenye injini, ambako Istanbul na Tanga zinafanana kabisa. Niliuona kwa mara ya kwanza nilipokwenda kama msafiri wa kawaida. Ule mstari mmoja uliokuwa ukiuchora kwa chaki una urefu wa kilomita thelathini na ushei, na panapobana sana upana wake ni mita kama mia saba tu, huku meli za mafuta zikipita katikati ya nyumba za watu. Wanafunzi wako huenda hukuwaambia hili: maji ya juu hutoka Bahari Nyeusi kwenda bahari ya Marmara, na chini yake kuna mkondo mwingine, wa maji yenye chumvi zaidi, unaokwenda kinyume. Mabaharia wa zamani waliyajua hayo bila kitabu.

Kwa magoti ya mama watoto, Istanbul ina vilima vikali, sitaficha. Dawa yake ni feri. Kutoka Eminönü mpaka Kadıköy ni dakika kama ishirini, unatoka bara la Ulaya na kushukia Asia kwa nauli ndogo mno, na ndani ya feri unauziwa chai ya rangi katika bilauri nyembamba kiunoni, isiyo na mkono, ambayo ni lazima uishike kwa ukingo wa juu la sivyo utaungua vidole. Mama yangu mdogo alizunguka nami siku nzima akivuka na kurudi, akiwatupia shakwe vipande vya mkate wao wenye ufuta, na akasema hahitaji kuona zaidi.

Hata hivyo mlione Hagia Sophia, lililokamilika mwaka 537 kama kanisa, likageuzwa msikiti mwaka 1453, likafanywa makumbusho katika miaka ya 1930, na tangu mwaka 2020 ni msikiti tena. Mimi lakini moyo wangu uko Süleymaniye, msikiti uliojengwa na Sinan kati ya mwaka 1550 na 1557. Zama zile uliangazwa kwa taa za mafuta, na mjenzi aliupangia upepo njia ndani ya jengo ili moshi wote ukusanyike katika chumba kimoja juu ya mlango, na masizi yake yakawa wino wa waandishi. Nimefanya kazi na mabomba ya moshi maisha yangu yote na sijaona injinia aliyefikiria mbali kiasi hicho.

Na kuna jambo moja la kuchekesha. Waturuki husalimiana "merhaba". Sasa mimi ni mtu mzima mwenye mvi, na kila duka nililopita kijana wa miaka ishirini alinitazama usoni akaniambia, kwa masikio yangu, "marahaba". Siku ya kwanza nilikasirika kwa kuitikiwa shikamoo ambayo sikuitoa. Siku ya tatu nilishazoea, na saa ni "saat", kitabu ni "kitap", na dakika ni dakika.

Mama Salha wa Ngamiani (Tanga)

Mwalimu, shikamoo. Mimi si mwandishi, lakini mama watoto wako ningependa asome haya.

Mwanangu anaishi Muscat, Oman, na nilipokwenda kumwona kila mtu alitaka kunionyesha msikiti mkuu wa Sultan Qaboos, ambao zulia lake moja lilifumwa kwa miaka minne na wanawake mia sita. Ni kweli linastaajabisha. Lakini mahali ambapo ningerudi ni Nizwa, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari kuelekea milimani. Nendeni Ijumaa asubuhi na mapema, kwa sababu siku hiyo kuna mnada wa mbuzi chini ya ngome. Wanunuzi hukaa kwa duara, wengine kwenye kingo za saruji na wengine wamechuchumaa, na wauzaji huwaburuta mbuzi wao wakizunguka mbele yao huku wakitaja bei kwa sauti. Anayempenda mbuzi humzuia mwenyewe kwa mkono, humfungua mdomo kutazama meno, humpapasa mbavu, kisha humwachia aendelee kuzunguka. Kulikuwa na wanawake wa vijijini wenye barakoa zao za asili usoni, na walikuwa wakali wa bei kuliko wanaume. Nilisimama saa nzima. Mbuzi mmoja mweupe alizunguka mbele yangu mara tisa na mara zote nilitamani kumnunua.

Baada ya hapo tulikaribishwa nyumbani kwa watu. Tulipewa tende na halua, na kahawa isiyo na sukari yenye harufu ya iliki, katika kikombe kidogo cha kuingia kiganjani. Mimi ni mtu wa Ngamiani, kahawa chungu kwangu si ugeni. Nilipomaliza nilikirudisha kikombe kwa adabu, kikajazwa. Nikanywa, nikarudisha, kikajazwa tena. Nilifika cha sita, moyo unanienda mbio, mpaka mkwe wangu akaninong'oneza kwamba unayetosheka hukitikisa kikombe kidogo kabla ya kukirudisha. Nilikitikisa kama kengele. Wenye nyumba walicheka mpaka wakatoka machozi, na sikulala usiku ule.

Kingine ni mifereji yao ya maji wanayoiita falaj, inayotoa maji chini ya milima na kuyafikisha mashambani bila pampu, kwa mteremko peke yake. Mmoja wao, Falaj Daris, uko hapohapo Nizwa, na ni miongoni mwa mitano iliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2006. Watu hugawana maji kwa zamu, na zamani walikuwa wakizipima kwa kivuli mchana na kwa nyota usiku. Unakaa ukingoni chini ya mitende, unatia miguu majini, na magoti yanapona. Msiende kati ya Mei na Septemba, joto la huko si la kibinadamu. Novemba mpaka Februari ni kama Tanga wakati wa kipupwe.

Mwalimu wa Chumbageni (Tanga)

Marahaba kwenu wote, na kwa Injinia nasema hivyo nikijua kwamba sikusubiri shikamoo yake.

Nimeyasoma majibu yenu kwa sauti sebuleni, jioni mbili mfululizo. Binti wa Makorora, ndiye mimi, na nakumbuka kile kipande cha chaki. Nimefurahi kwamba Italia imerudi mahali pake. Juzi niliuliza kwa jirani yetu mwenye bustani kama ana lile ua, akaniletea chungu kimoja kilichotoka kwa mwanawe Dar es Salaam, kilichonunuliwa dukani, na kwenye kibandiko kimeandikwa kwamba kimetoka Uholanzi. Ua limezaliwa saa chache kutoka hapa, likazunguka dunia, likarudi kama mgeni. Nimeliweka dirishani, nalo linaendelea vizuri.

Ndugu wa Mlingotini, una haki yako. Nimewapeleka wanafunzi Amboni na Tongoni zaidi ya mara ishirini, lakini Kaole, kwa aibu, sijafika, na nitapita huko kabla ya safari ili usinione tena mtu wa kuanza na mbili.

Uamuzi wenyewe umekuwa mgumu. Ujerumani tumeiahirisha kwa ajili ya ile bima na ile Novemba. Istanbul ilikuwa mbele mpaka mama watoto alipofika kwenye neno "vilima". Sasa mimi nataka Kisiwa cha Msumbiji, kwa sababu ya ule mji ulio chini ya barabara, ambao sijawahi kuusoma katika kitabu chochote cha jiografia nilichofundishia; yeye anataka Nizwa, kwa sababu ya mbuzi mweupe na miguu kutiwa majini. Tulikubaliana tupige kura, lakini wapiga kura ni wawili. Hatimaye amekubali kisiwa kwa sharti kwamba machungwa ya mwakani, yakiuzika, ni ya Nizwa, na ameniandikisha karatasi.

Fundi, nina maswali mawili ya mwisho. Zile chapa za kutoka Nampula huondoka saa ngapi, na je, kuna mahali pa kulala pale kisiwani ambapo mtu wa kawaida anaweza kulipia wiki nzima?

Fundi wa Kaole (Bagamoyo)

Mwalimu, chapa huondoka ikijaa, kama zetu, kwa hiyo wahini alfajiri, na mama akae mbele karibu na dereva kwa sababu nyuma hakuna pa kunyoosha mguu. Nyumba za wageni zipo za bei zote. Mimi nililala katika nyumba ya zamani ya mawe yenye vyumba vinne, kuta zake nene kiasi kwamba sikuhitaji feni, na wenyewe walikubali kupunguza bei nilipowaambia nakaa siku saba. Chukueni fedha taslimu kutoka Nampula, msitegemee mashine za benki za kisiwani. Kadi ya homa ya manjano msiisahau.

Nami nina ombi. Ukifika mji wa makuti, chukua kamba yenye jiwe, isimamie barabarani na uiteremshe mpaka kwenye uwanja wa nyumba yoyote watakayokuruhusu, unipimie kina chake. Mimi nilikisia kwa macho tu, na wazee wa Dunda wanataka namba.